Madhu wa Kenton na Mji wa Figili

Kuingia katika duka la Madhu Raichura pale Kenton, London, kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kutoka. Si kwamba mlango ulikuwa mbovu. Mlango ulifunguka vizuri na kengele yake ililia vizuri. Tatizo ni kwamba Madhu hakukubali mteja atoke peke yake. Ulinunua fungu la dania, ukaaga, ukageuka. Ukifika nje unamkuta ubavuni pako, kandambili miguuni, sweta juu ya sari, anakuuliza habari za goti la mama yako. Alikusindikiza mpaka kwenye zebra, kivuko cha waendao kwa miguu. Kama ulikuwa mgeni mtaani, alikusindikiza mpaka kituo cha treni. Kama ulinunua gunia zima la mchele, alikusindikiza mpaka nyumbani kwako, na pengine alikaa akanywa chai. Duka wakati huo liliachwa chini ya ulinzi wa mizani ya shaba, na kwa miaka ishirini na miwili mizani hiyo haikuwahi kuripoti mwizi.

Tabia hiyo aliitoa Tanga, alikozaliwa na kulelewa kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1973. Mama yake alikuwa na vipimo vyake. Jirani alisindikizwa mpaka kizingitini, ndugu mpaka kona, na mtu aliyetoka Pangani mpaka aketi ndani ya basi na basi liwashwe. Tena mama alikuwa na sharti moja ambalo halikuvunjwa: mgeni akigeuka nyuma njiani, ujue kuna kitu alichokikosa. Ama hakushiba, ama hakufungiwa chochote, ama ana neno alilosahau. Hapo mwenyeji alipaswa kuongeza: hatua, au chakula, au vyote viwili.

Mtu mmoja tu aliyeikimbia heshima hiyo kwa makusudi alikuwa Champa, mke wa Vijay, kaka yake Madhu. Champa alikaa Stanmore, katika nyumba yenye nafasi ya magari matatu na lango la umeme. Alipokuja dukani aliliacha gari likinguruma, akachukua bizari yake, akatoka mbio kabla wifi yake hajapata kandambili.

"Mwanamke wa miaka hamsini na minane," alikuwa akimwambia Vijay, "anamsindikiza mtu aliyenunua pilipili mbili! Watu wa Stanmore wakiniuliza huyo ni nani, niseme nini?"

Kwa sababu hiyo, na kwa huruma ya namna yake, Champa alikuwa amemwandalia Madhu chumba. Kilikuwa nyuma ya nyumba yake, kimepakwa rangi ya maziwa yaliyochemka, kina kitanda, kabati, na dirisha linalotazama pipa la taka la jirani. Kwa miaka minne alimhimiza Madhu afunge duka, apumzike. Kwa miaka minne Madhu alijibu kwamba atapumzika atakapochoka, na kwamba hilo pipa lina harufu.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba mwaka 1998, aliingia dukani mwanamke wa Kijapani mwenye koti la kijivu na mkoba ulionyooka kama alivyonyooka yeye. Alipita kwenye mabamia bila kuyatazama. Alipofika kwenye sanduku la figili, zile ndefu nyeupe, alisimama. Akaokota moja, akaifuta udongo kwa kitambaa, akaipakata kama mtoto mchanga. Kisha akairudisha mahali pake, akarudi nyuma hatua moja, akaiinamia.

Madhu alimtazama kwa muda, akamwambia kwa Kiingereza, kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni figili tu. Ukitaka kusali, hekalu liko huko mbele barabarani."

Yule mwanamke alicheka kwa kuziba mdomo, akajitambulisha. Aliitwa Bi Hayashi, mtumishi wa halmashauri ya mji wa Nagisawa, idara ya mahusiano. Nagisawa ulikuwa mji wa watu elfu arobaini na moja, umebanwa kati ya mlima na mto, na watu wa miji mingine ya Japani walipoulizwa uko wapi walijibu kwa kukuna kichwa. Kwa hiyo Nagisawa uliamua kujulikana kwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa figili. Taa za barabarani zilikuwa na umbo la figili. Mifuniko ya chemba za maji taka barabarani ilichorwa figili. Tarehe kumi Novemba, Siku ya Figili, watumishi wote wa halmashauri walivaa kofia za majani mabichi, na aliyekuja kulipia maji alihudumiwa na kitu kama shamba. Kila siku saa kumi na moja jioni vipaza sauti vilipiga wimbo wa mji, na kila mtu alisimama pale alipo. Kinyozi alisimama na wembe hewani, na mwenye nusu ya ndevu alivumilia.

"Na tuna Nagippi," alisema Bi Hayashi, akatoa picha. Ilikuwa picha ya figili yenye macho makubwa, urefu wa mita mbili, ikimshika mkono mwanafunzi wa chekechea. "Ni kikaragosi cha mji wetu. Ana cheti cha kuzaliwa, ana anwani, na ana daktari wa meno."

"Mbona sioni meno?"

"Hana. Lakini anahudhuria kila miezi sita, ili awe mfano kwa watoto."

Madhu alilitafakari jambo hilo, akaona lina maana.

Nagisawa, aliendelea Bi Hayashi, ulikuwa unatimiza miaka hamsini tangu upewe hadhi ya mji, na madiwani walikuwa wameazimia kutafuta kitongoji rafiki katika jiji la London. Alikuwa amezunguka miezi mitano. Kokote alikokwenda, watu walipoiona picha ya Nagippi walisema ni karoti mgonjwa.

"Karoti!" Madhu alishika kiuno. "Hapa Kenton? Hapa tunaila mbichi kwa chumvi na ndimu. Tunaikwangua tunaitia kwenye chapati. Majani tunayakaanga na unga wa dengu. Marehemu mume wangu aliila kila siku, mpaka daktari akamwomba awahurumie anaofanya nao kazi ofisi moja."

Bi Hayashi aliandika maneno hayo yote katika daftari, pamoja na daktari. Alipoondoka aliinama mlangoni, na alipoinuka alimkuta Madhu amekwisha vaa kandambili. Wakaenda pamoja mpaka kituoni.

Jumapili iliyofuata Madhu alikwenda kula Stanmore, akafanya kosa la kuisimulia habari hiyo mezani. Katika nyumba hiyo Kigujarati kilikuwa lugha ya sala, Kiingereza lugha ya simu, na Kiswahili lugha ya ugomvi; kwa hiyo Champa alipoweka kijiko chini na kusema, "Ala!", Vijay alisogeza bilauri yake mbali na ukingo wa meza.

"Kitongoji rafiki? Kenton?" alisema Champa. "Kenton ina nini, wifi, zaidi ya kituo na njiwa? Wageni kama hao wanahitaji ukumbi. Wanahitaji leso za mezani. Kesho naandika barua. Jumuiya yetu ya Stanmore itashindana."

"Shindana. Wewe figili unaijua? Unanunua iliyokwisha menywa."

"Naijua kuliko wewe unavyolijua zulia. Watawekwa wapi hao wageni, juu ya gunia la vitunguu?"

Hapo damu ya Madhu ilichemka, na neno likamtoka kabla ya akili. "Sikiliza, Champa. Wakiichagua Stanmore, Jumatatu yake nafunga duka nahamia kwenye kile chumba chako. Na hilo pipa nitalizoea."

Champa alimgeukia mumewe taratibu. "Vijay, umesikia?"

"Nimesikia."

"Andika kwenye kalenda."

Vijay, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa ameishi kwa kuandika alichoambiwa, aliandika.

Madhu alirudi Kenton kwa basi, na kila kituo kilivyopita alizidi kuelewa alichokisema. Hakuwa na ukumbi, hakuwa na jumuiya, na kwenye mkoba wake ilikuwamo fomu aliyopewa na Bi Hayashi kituoni, iliyotaka alama tano za kitongoji: ua, mti, ndege, wimbo na kikaragosi. Asubuhi alimwita mtu pekee aliyemwamini kwa mambo ya maandishi, Protas Shemdoe, fundi wa kuchora mabango, mzaliwa wa Lushoto, ambaye mkono wake ndio ulioandika jina la duka lile na la kila duka la upande ule wa barabara. Protas alikuwa mzee wa kanisa, mwenye masharubu yaliyopunguzwa kwa rula, na aliijaza fomu kwa kalamu mbili, moja ya rasimu na moja ya wino.

Ua halikuwasumbua: walichagua yale ya rangi ya chungwa yanayotungwa mashada ya arusi. Mti waliuchagua ulio mbele ya kituo, na kwa kuwa hakuna aliyelijua jina lake, Protas aliandika "Mti wa Kituoni". Kwenye ndege walikwama.

"Njiwa," alisema Madhu.

"Bi Madhu, njiwa wa kituo cha Kenton ana mguu mmoja."

"Si ndiyo vizuri? Hawatamchanganya na wa kituo cha Harrow."

Protas alifumba macho, akaandika njiwa. Wimbo aliutunga mwenyewe usiku mmoja, nao ulisema:

*Kenton, ee Kenton, treni husimama,*
*Kenton, ee Kenton, nasi tumesimama,*
*Anayeshuka, karibu, anayepanda, salama.*

Kilibaki kikaragosi. Madhu alikuwa amekwisha amua kitakuwa sambusa, kwa sababu ina pembe tatu na kushona pembe tatu si kazi. Alikata godoro kuukuu la sponji, akalivika turubai, Protas akalipaka rangi ya kukaangwa vizuri na kulichorea nyusi. Kazi ilipokwisha walilitazama kwa fahari. Kisha Madhu akamtazama Protas, akapima kwa jicho kutoka begani hadi gotini.

"Hapana," alisema Protas.

"Nimeshona kwa kipimo chako."

"Bi Madhu, mimi ni mzee wa kanisa."

"Ukiwa ndani hakuna atakayejua."

"Mungu atajua."

"Mungu ameona mengi, Bwana Protas. Sambusa moja haitamshtua."

Wageni walifika Jumamosi moja ya Novemba yenye manyunyu. Ratiba ilikuwa imepigwa taipu: Kenton kuanzia saa nane mchana hadi saa nane na dakika arobaini, kisha Stanmore, saa kumi kamili, chai na kutangazwa kwa uamuzi. Dakika arobaini! Madhu aliisoma ratiba mara tatu, akaona jinsi kile chumba cha rangi ya maziwa kinavyomfungulia mlango. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba ukumbini kwa Champa kulikuwa na wasichana sita wa kucheza ngoma, leso zilizokunjwa mfano wa bata maji, na figili moja kubwa iliyochongwa kwa kisu ikawa mnara.

Wageni walikuwa watatu. Alikuwapo Bi Hayashi. Alikuwapo Bwana Okabe, naibu meya, mtu mfupi wa suti ya kijivu aliyeongea kama anayelipishwa kwa neno. Na alikuwapo Nagippi mwenyewe, mita mbili, mweupe pe, na majani kichwani. Mtu aliyekuwa ndani yake hakutajwa. Ilikuwa sheria ya Nagisawa kwamba ndani ya Nagippi hamna mtu. Alikuwa amekuja na treni hivyo hivyo, amesimama, na abiria wa London walikuwa wameendelea kusoma magazeti yao.

Madhu aliimba wimbo wa Kenton peke yake, na Avtar Singh, fundi viatu wa duka la pili, akamsaidia kwa kuguna. Njiwa alitokea, akaonyeshwa, akaruka. Kisha ukafika wakati wa vikaragosi kusalimiana, na hapo ndipo yalipotokea. Nagippi alikuwa anaingia dukani, Protas anatoka, na mlango ulikuwa mmoja. Walibanana. Avtar alivuta majani, Madhu akasukuma pembe ya chini ya sambusa, na kwa dakika saba nzima mji wa Nagisawa na kitongoji cha Kenton vilikuwa karibu kuliko ilivyokusudiwa na upande wowote.

"Bi Madhu," ilisikika sauti ndani ya sponji, "mimi naiva humu."

"Nyamaza. Sambusa haisemi."

Walipochomoka, waliangukia upande wa naibu meya. Bwana Okabe aliinuka, akajipangusa, akatoa kijitabu, akaandika mstari mmoja mfupi, akakirudisha mfukoni. Madhu aliuona ule mstari unavyoandikwa. Mtu asiyeandika mengi, aliwaza, hana mengi ya kukumbuka.

Saa nane na dakika arobaini wageni waliaga. Madhu alivaa kandambili, akatoka nao, na Protas, asiyeweza kuvua sambusa bila kusaidiwa, akafuata nyuma. Walipofika mlangoni kwa Avtar, Madhu alisimama awaruhusu watangulie kidogo. Bwana Okabe alikwenda hatua kumi, akageuka, akainama.

Madhu alishtuka. Mgeni amegeuka nyuma!

Alirudi dukani mbio, akatoka na chapati nne za figili ndani ya karatasi, akamfikia naibu meya kwenye zebra, akamkabidhi. Bwana Okabe alipokea kwa mikono miwili. Akaenda hatua kumi, akageuka, akainama tena. Madhu akaenda kuleta achari ya maembe. Akageuka mara ya tatu. Ukaja mfuko wa chevda ya kutafuna. Walipofika kituoni naibu meya alikuwa amebeba vyakula mpaka kidevuni, na bado alikuwa akigeuka.

Sasa, ni lazima ielezwe jinsi mambo yanavyokwenda Nagisawa. Huko mwenyeji hutoka na mgeni hadi nje, husimama pale pale, na hutazama mpaka mgeni apotee machoni. Mgeni naye, kwa kumhurumia mwenyeji asimamaye kwenye baridi, hugeuka na kuinama, maana yake ikiwa: tafadhali, rudi ndani. Kwa hiyo kila Bwana Okabe alipomwambia Madhu kwa mgongo wake wote arudi ndani, Madhu alisogea karibu zaidi na kuleta chakula. Naibu meya alikuwa ameongoza idara ya itifaki miaka kumi na tisa, na hajawahi kuona mwenyeji wa aina hiyo. Pale kituoni alisimama akafikiri. Akafikia uamuzi kwamba katika nchi hii, bila shaka, ni mgeni anayetakiwa kumrudisha mwenyeji nyumbani.

Alimnong'oneza Bi Hayashi, wakageuka wote watatu, wakamsindikiza Madhu mpaka dukani.

Walipofika kizingitini, Madhu hakuwa na hiari. Mtu aliyefika mlangoni ni mgeni, na mgeni hupewa chai. Wakanywa chai ya maziwa na iliki, wamesimama, Nagippi akinyweshwa kwa mrija kupitia tundu ambalo kila mtu alijifanya halioni. Wakaaga. Madhu akawasindikiza kituoni. Bwana Okabe akamsindikiza dukani. Bi Hayashi, aliyezijua desturi zote mbili baada ya miezi sita, aliona kila kitu tangu mwanzo. Lakini kumkatiza naibu meya katikati ya adabu hakukuwamo katika majukumu yake ya kazi.

Mzunguko wa tatu ulikuwa na watu kumi na wanne. Avtar alifunga duka lake akajiunga, kwa sababu alidhani ni maandamano. Bibi mmoja aliyekuja kununua jira alijiunga kwa sababu muuzaji alikuwa barabarani. Mtoto mmoja wa kike alimshika Nagippi mkono na kumwambia kwa Kiingereza kwamba yeye hapendi figili, lakini hana ugomvi naye. Kituoni walikuwa wakiimba, wamekwisha shika mistari yote mitatu ya wimbo wa Protas, na mkagua tiketi, aliyewaona wakija kwa mara ya tatu bila kupanda, aliuliza kama kuna chochote anachoweza kusaidia.

"Hapana, asante," alijibu Madhu. "Tunaagana."

Saa kumi na robo gari la Champa lilipanda ukingo wa barabara, likasimama mbele ya msafara. Champa alishuka amevaa sari ya hariri na, katika mkono wa kulia, leso yenye shingo ya bata.

"Wifi! Umewateka wageni wangu!"

"Sijamteka mtu. Nawasindikiza."

"Tangu saa nane na dakika arobaini?"

"Wamegeuka nyuma, Champa! Ningefanyaje? Mama angekuwapo angewafikisha Heathrow!"

"Wasichana sita wamekaa na njuga miguuni. Mnara wa figili unanyauka. Na hiki," alielekeza bata kwenye sponji, "ni kitu gani?"

"Shikamoo, mama," ilisema sambusa kwa unyonge, ikijisahau.

Champa aliruka. Kisha akawageukia wageni, akabadili sura na lugha kwa pamoja, akawaomba kwa Kiingereza cha simu waingie garini upesi. Nagippi alijaribu, akashindwa kuanzia mabegani. Wakati Avtar na wenzake wakimlaza kwenye paa la gari na kumfunga kwa shada la maua ya Kenton, Bwana Okabe alimwendea Champa, akainama, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku hiyo. Bi Hayashi akaitafsiri.

"Naibu meya anauliza kwa heshima: huko Stanmore, mwenyeji humfikisha mgeni wake mpaka wapi?"

Champa alitabasamu. Hilo alikuwa na jibu lake. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Stanmore hatusumbui watu. Kila mgeni ana gari lake, na lango letu ni la umeme. Ukitoka tu, linajifunga lenyewe."

Bwana Okabe alisikiliza tafsiri. Akatoa kijitabu. Akaandika mstari wa pili.

Gari liliondoka polepole, figili juu yake ikitikisa majani. Madhu alilifuata mpaka kwenye taa. Zilipowaka kijani alibaki barabarani na kandambili zilizolowa, na alipogeuka hakuwa na mgeni yeyote wa kumrudisha ila Protas. Walirudi dukani. Alimfungua vifungo vya mgongoni, Protas akatoka aking'aa kwa jasho kama aliyetolewa kwenye mafuta, akakaa juu ya gunia la vitunguu.

"Tumefanya tulichoweza, Bi Madhu."

"Tumemwangusha naibu meya, Bwana Protas."

Alianza kuzipangusa rafu, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, kama mtu anayeziaga. Alikuwa amefika kwenye jira simu ilipolia. Alikuwa Vijay, anaongea kwa sauti ya chini.

"Dada. Champa amelala. Amejifunika uso kwa leso."

"Wamemchosha?"

"Wamekula, wamepiga makofi, wamesifu mnara. Halafu yule mfupi akasimama akasema vijana wa mji wao huondoka kila mwaka kwenda Tokyo, na kila mwaka mji mzima husimama stesheni mpaka treni ipotee. Akasema walitafuta rafiki wa kusimama naye. Akasema wamempata, na kwamba rafiki huyo amemfanya yeye atembee kilomita sita."

Madhu alikaa juu ya gunia, karibu na Protas.

"Ni Kenton, dada. Nimefuta kwenye kalenda."

Mwezi wa Mei ulifika mzigo kutoka Nagisawa: mfuniko wa chemba wa chuma, uliochorwa figili na sambusa zimekumbatiana, na njiwa wa mguu mmoja juu yao. Kwa kuwa hakuna aliyejua ni ofisi gani huombwa ruhusa ya kubadilisha chemba, ulikaa dukani, ukikandamiza pipa la achari. Pamoja nao ilikuja barua ya Bi Hayashi. Madhu alikuwa amemwomba amweleze kile alichokiandika Bwana Okabe siku ile katika mistari yake miwili. Wa kwanza ulisema: "Nimeangukiwa na sambusa." Wa pili: "Lango linajifunga lenyewe. Inasikitisha."

Champa alikuwa amekaa miezi sita bila kuja dukani. Mwishoni mwa Mei gari lake lilisimama nje, na kwa mara ya kwanza likazimwa. Aliingia, akautazama mfuniko, akaugonga kwa kucha.

"Sambusa ina nyusi," alisema.

"Ni za Protas."

"Kile chumba nimeweka mashine ya kukimbilia. Nakimbia mbele ya dirisha." Aliugonga mfuniko tena. "Kweli lile pipa linanuka."

Akachukua bizari yake na fungu la dania, akatoka. Alipoweka mkono kwenye kitasa cha gari alimkuta Madhu ubavuni.

"Rudi, wifi, duka liko wazi."

"Mizani ipo."

"Gari hili hapa, hatua tatu!"

"Ndiyo. Nimekuja hatua tatu."

Champa alilitazama gari, akaitazama barabara, akamtazama wifi yake mwenye kandambili. Akaachia kitasa. "Haya, mpaka zebra," alisema. "Mpaka zebra tu, usije ukaniletea chakula." Wakaenda mpaka zebra wakibishana juu ya nani alianza ule ugomvi wa mezani. Hapo Champa aliaga, akarudi kuelekea gari lake, akaenda hatua kumi. Halafu, bila kujua anachokifanya, akageuka nyuma.

"Basi hapo hapo!" alipiga kelele Madhu, tayari anakimbilia dukani. "Usiondoke! Kuna chapati!"